Mwavuli wa Bi Arlene na Mbawakawa Mmoja

Miaka thelathini na mmoja, mwavuli ule ule. Tarehe 31 Julai Bi Arlene Tollefson anarudisha funguo za gari la kituo chetu cha misitu hapa Idaho, na sisi wengine bado hatuamini.

Aliajiriwa kama karani. Siku moja mpima wadudu akaugua, Bi Arlene akaombwa amshikie zamu kule kwenye misonobari. Hakurudi tena mezani. Kazi yenyewe: unaushika mwavuli mweupe kichwa chini, chini ya ua la mwituni, unagonga shina mara tatu, unahesabu mbawakawa wa maua wanaodondokea humo, wale wenye papasi, zile nyuzi za kichwani, ndefu kuliko adabu. Ukimwambia tumnunulie mwavuli mpya anasema, "Huu tumeshazoeana. Nyie nunueni kahawa inayonyweka."

Madereva wa malori ya magogo walikuwa wakimpita wanapunguza mwendo: "Bibi, mvua iko wapi?" Naye bila kuinua kichwa: "Iko nyuma yako, endesha."

Sasa tuseme ukweli. Miaka minne iliyopita sisi wa kikosi cha kusafisha njia za msituni tulisafisha bonde analohesabia. Magogo mabovu yote tukakata, tukachoma, tukajisifu. Kumbe mabuu wa mbawakawa hao hukaa humo miaka miwili, mitatu, wakila mti uliooza. Bi Arlene akafika, akatazama majivu, akasema, "Vijana, mmechoma wodi ya wazazi."

Kiangazi kilichofuata akahesabu sifuri. Kingine, sifuri. Kustaafu hakukumuuma, kilichomuuma ni daftari la miaka yote hiyo kufungwa kwa sifuri.

Basi akatutoa jasho. Tukaviringisha magogo mabovu kumi na manne kutoka bonde la jirani, kwa mikono, siku ya Jumamosi, ujira wetu pai yake ya hakleberi, vitunda vya mwituni vya huku. Gogo la saba lilimvunja mwenzetu Corwin kidole gumba. Hadi leo anasema pai ile ilifidia.

Mwaka jana, sifuri tena. Tukaanza kumkwepa kantini.

Jumanne iliyopita, zikiwa zimebaki siku tisa, akagonga shina mara tatu. Akadondoka mmoja. Mweusi, mistari ya manjano, papasi zinacheza kama anauliza njia. Bi Arlene akaandika moja, akampuliza arudi kwenye ua lake, akamkabidhi Corwin mwavuli. "Mwakani usiniletee sifuri, wewe."

Bi Arlene, asante kwa kutufundisha na kutuvumilia. Kastaafu kwa raha, ule pai yako bila kumgawia mtu. Magogo hatuyagusi. Tunayaacha yaoze.