Bernadeta wa Behewa la Tatu

Baba Paroko, ndugu waombolezaji, majirani wa Mikorosho na wote mliofika, kwa kawaida historia hii husomwa na msemaji wa familia, lakini mimi Adelard, mume wa marehemu, nimeomba niisome mwenyewe, kwa kuwa ipo sehemu ambayo mtu mwingine asingeijua.

Bernadeta Kornelio Chilumba alizaliwa tarehe 12 Machi 1976 katika kijiji cha Lukuledi, wilayani Masasi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kornelio Chilumba na Mama Demetria, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1984 hadi 1990, akamaliza kidato cha nne mjini Masasi mwaka 1994, na mwaka 1997 akaajiriwa kuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya Serikali hapa Dar es Salaam, kazi aliyoifanya mpaka alipougua.

Tulifunga ndoa Keko tarehe 20 Septemba 2003, Mungu akatujalia watoto wawili, Anna na Valerian, na mwaka 2014 tukahamia nyumba yetu hapa Mtaa wa Mikorosho, Chamazi.

Mwaka 2015 nilinunua gari ili twende kazini pamoja. Marehemu alilipanda siku kumi na moja, na siku hiyo ya kumi na moja, tukiwa tumesimama kwenye foleni ya Rangi Tatu, akasema, “Baba Anna, kesho nishushe stesheni. Mie nitafika ofisini, ninywe chai, na wewe utakuwa bado upo hapa hapa.” Tangu siku hiyo nilimpeleka kila asubuhi hadi kituo cha mwisho cha treni, mwendo wa dakika ishirini, na dakika hizo ndizo alizokuwa wangu, maana jioni alirudi amechoka, na asubuhi iliyobaki alikuwa wa behewa la tatu.

Behewa la tatu ni hawa ndugu waliokaa nyuma, akiwamo fundi Talha anayetengeneza samani Keko, ambaye alikuwa akimwekea marehemu kiti kwa kutanguliza mfuko wake wa vifaa, na Bi Monica, ambaye ni muuguzi. Walikuwa na vichekesho vyao, na mimi walinipa jina la Bwana Foleni. Nilipouliza wanacheka nini, marehemu alisema, “Ungekuwepo ungecheka.”

Tarehe 9 Novemba 2019 uliitishwa mkutano wa wakazi kujadili reli kuongezwa kilomita sita, kutoka kituo kile hadi hapa mtaani, nami nilisimama nikapinga, nikasema treni haiwezi kushindana na gari, kwa sababu gari linakuchukua mlangoni, linabeba gunia na mgonjwa, na linakusubiri. Watu wakapiga makofi. Ndipo marehemu akanyoosha mkono akasema, “Mwenyekiti, msemaji ni mume wangu, heshima yake ataipata nyumbani, hapa namjibu kama mkazi. Gari lake lina viti vitano, vinne vinaenda mjini vitupu kila siku, na hicho chenye mtu kimenuna.” Mkutano ulicheka, na wengi wakaikubali reli. Nataka ijulikane leo kwamba hoja zangu zilikuwa za kweli, lakini kilichonisimamisha ni zile dakika ishirini.

Treni ilifika Mikorosho Jumatatu tarehe 4 Julai 2022, marehemu akawa anatembea dakika saba hadi kituoni, na asubuhi ya kwanza aliniambia nilale kidogo. Majirani kadhaa waliacha magari nyumbani, mimi sikuacha. Nilipanda mara moja tu, Februari 2024, Talha akanipisha kiti akisema, “Karibu Bwana Foleni, leo umekubali yaishe!” lakini kabla hatujafika mjini Bi Monica alimuuliza marehemu maumivu ya tumbo yanaendeleaje, nami nilikuwa sijui kama ana maumivu. Sikupanda tena.

Mwezi uliofuata madaktari walibaini saratani ya kizazi, na kwa miezi kumi na moja nilimpeleka kliniki kwa gari, akiwa kiti cha mbele, na nakiri mbele yenu kwamba asubuhi zile nilikuwa na furaha niliyoionea aibu. Siku moja tulisimama kwenye kivuko cha reli, treni ikapita, akapunga mkono hadi behewa la mwisho lilipopotea, na mimi, nikiwa nimekaa ubavuni pake, niliionea wivu ile treni.

Aliaga dunia hospitalini, Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 48.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukaa nasi matanga, na wafanyakazi wenzake wa masjala. Behewa la tatu walikuja jana kuomba walibebe jeneza hadi makaburini, nikawakatalia, nikasema wamembeba vya kutosha. Leo asubuhi nimewapigia simu. Fundi Talha na wenzake watashika upande wa kushoto, na upande wa kulia, pale mbele, ni pangu, sitapokezana na mtu.

Mama Anna, pumzika kwa amani, tupo wote.