Sahihi ya Babu

Jumanne, tarehe nne Machi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mvua ikinyesha, nilikaa ndani ya daladala nyuma ya mzee na binti aliyemwita baba mdogo. Nilipokuwa shule ya bweni tulikatazwa kusikiliza ya watu. Siku hiyo nilisikiliza.

“Umenakili kwa penseli, binti? Si hufutika hiyo!”

“Hifadhi ya nyaraka hawaruhusu wino, baba mdogo. Lakini babu alitia sahihi ya wino kwenye daftari la vizazi, ukurasa wa arobaini na mbili: baba yangu ni mwanawe. Uliapa ukipata ushahidi utamwomba radhi kaka yako uliyemkana.”

Mzee alifuta miwani iliyokuwa safi. “Basi mfikishie radhi zangu.”

“Sizibebi. Baba yupo nyumbani, tunashuka kituo cha mwisho.”

Gari likasimama. “Tangulia, mwanangu,” alisema mzee, akashuka kituo kisicho chake.