Mashini ya Vumbi kwa Mama Odongo

MILCAH: Haloo? Haloo, nani huyo? Hii namba siijui.

JELAGAT: Habari ya asubuhi, Mama Odongo. Ni mimi Jelagat. Wa afya, wa huku kwa kiwanda cha zamani cha betri.

MILCAH: Aii, daktari. Umebadilisha namba?

JELAGAT: Ni ya ofisi. Na mimi si daktari mama, nimekuambia —

MILCAH: Unatoa watoto damu na umevaa kitambulisho shingoni. Kama hiyo si daktari, ni nini? Mmeamkaje huko?

JELAGAT: Tumeamka salama. Mjukuu wako Abby ameamkaje?

MILCAH: Ameamka. Tumbo inamsumbua kidogo, na chai amekataa. Ni hii baridi ya July tu.

JELAGAT: Mama, ni juu ya Abby nimepiga. Majibu ya damu yalirudi jana. Ile sumu ya betri kwa damu yake imepanda. Watoto wengine wote wa huko Free Area yao inashuka. Ya Abby ndiyo inapanda, na yeye peke yake.

MILCAH: Hiyo ni damu ya mtoto mwingine.

JELAGAT: Ni yake. Tumerudia kupima.

MILCAH: Basi mashini zenu zikae chini zipatane. Ile mliniwekea kwa sitting room ya kupima vumbi inasema nyumba yangu ni safi. Ziro. Tangu muanze kuchimba huo mchanga wa sumu muutoe nyuma ya ukuta wangu, haijawahi toka kwa ziro. Hata Maina, foreman wenu, alileta wamama wa ploti zingine hapa waone vile mtu anafaa kukaa. Niliwasimamisha mlangoni wakavua viatu.

JELAGAT: Hiyo ziara niliisikia.

MILCAH: Mmoja wao, Wariara, akaniuliza natumia sabuni gani. Kwake kila wiki mashini inapanda, tinga la kuchimba linazimwa, lori la maji linakuja kumwagia mchanga, majirani wote wanaona. Mimi lori halijawahi simama kwangu. Nilimwambia polepole, nisimuumize, apige deki hata kama hangojei wageni.

JELAGAT: Mama, hiyo ziro ndiyo — (laini inakwaruza) — hata chumba cha upasuaji hospitalini hakisomi ziro.

MILCAH: Hospitali hawaoshi kama mimi.

JELAGAT: Jumamosi mtu alichoma matairi, mtaa mzima ukakohoa. Yako ilisoma ziro.

MILCAH: Nilifunga madirisha. Na tuliomba.

JELAGAT: Sawa. Hebu niambie, hiyo mashini iko wapi saa hii?

MILCAH: Iko mahali pake.

JELAGAT: Juu ya stuli, karibu na dirisha, vile niliiacha?

MILCAH: Karibu na dirisha kuna vumbi, daktari.

JELAGAT: Kwa hivyo umeihamisha?

MILCAH: Ni mali ya serikali. Ikiharibika mimi nitasema nini? Niliiweka kwa wall unit, pale kwa vioo, na glasi zangu za harusi.

JELAGAT: Kwa hivyo iko ndani. Na mlango umefungwa.

MILCAH: Na ufunguo. Abby anapenda kugusagusa.

JELAGAT: Lakini hapo ndani imekaa wazi?

MILCAH: Wazi aje? Nimeifunika na kitambaa. Kile cha maua, nilishona mwenyewe kwa kikundi cha wamama wa kanisa. Huwezi weka kitu ya maana bila kitambaa, watu watasema nini.

JELAGAT: Kitambaa peke yake?

MILCAH: Na ile nailoni ilikuja nayo. Siku ile uliitoa ukaitupa, mimi nikaiokota. Hata rimoti ya TV bado iko na nailoni yake, na ni mpya mpaka leo.

MILCAH: Daktari? Umepotea?

JELAGAT: Niko. Nilikuwa nimeweka simu chini kidogo.

MILCAH: Hiyo network ya huko —

JELAGAT: Si network. Mama, nisikize. Hiyo mashini haikuletwa kuangalia kama wewe ni msafi. Sisi wote tunajua wewe ni msafi. Kazi yake ni kunusa ile hewa Abby ananusa. Sasa miezi hii yote imekaa inanusa nailoni.

MILCAH: Nilikuwa naitunza.

JELAGAT: Najua. Lakini Maina anaangalia ziro yako kila asubuhi, anasema upande wa Mama Odongo hakuna shida, lori la maji liende kwa wengine. Kwako wanachimba kavu. Na leo wanafungua lile shimo kubwa kiwanda kilikuwa kinazika betri, hapo nyuma ya jikoni yako. Wameanzia kwako kwa sababu ya hiyo ziro.

MILCAH: Ndiyo maana nasikia tinga. Nilidhani wanarekebisha barabara.

JELAGAT: Nimemwambia asimame. Anasema majibu ya damu si kazi yake, yeye nimuonyeshe namba ya vumbi. Mashini ya nyumbani ikipita hamsini, tinga linazimwa. Isipopita, anachimba. Kwa hivyo toa hiyo mashini, uiweke kwa dirisha la huko nyuma, na ufungue dirisha. Mimi niko hapa na yeye, namba naiona kwa laptop.

MILCAH: Sawa. Nipe dakika kidogo nipige deki.

JELAGAT: Hapana.

MILCAH: Nipanguse tu meza.

JELAGAT: Usipanguse kitu, mama. Tafadhali.

MILCAH: Unataka nyumba yangu ionekane hapo kwa laptop na vumbi? Maina aone? Wariara asikie?

JELAGAT: Ndiyo. Hiyo ndiyo nataka.

MILCAH: Usinifanyie hivyo, nyathina, mwanangu.

JELAGAT: Mama —

MILCAH: Ngoja niongee. Odongo, baba yake Abby, anafanya kazi kwa shamba la maua huko Ndabibi. Siku mliweka zile bango za fuvu za kuonya watu kwa ukuta, alitaka kuja kumchukua huyu mtoto. Nikamwambia, njoo kwanza uone mwenyewe. Akakuja, nikafungua wall unit, nikamuonyesha ziro. Akasema, sawa mama, kaa na yeye. Hiyo ziro ndiyo imenibakishia Abby. Sasa nikitoa hiyo nailoni...

JELAGAT: Naelewa.

MILCAH: Huelewi. Wewe ukitoka kazini unapata watu kwa nyumba.

(tinga linanguruma kwa mbali)

JELAGAT: Abby yuko wapi saa hii?

MILCAH: Huko nyuma. Anaangalia tinga.

JELAGAT: Mama Odongo.

MILCAH: Nimesikia. Usikate. (ufunguo, glasi zinagongana) Abby! Kuja ndani. Kuja, uache hiyo mambo... Wacha kufungua viatu. Ingia tu na viatu.

JELAGAT: Umetoa kitambaa?

MILCAH: Nimetoa. Hii nailoni nimeifunga fundo mbaya. Ngoja nitafute makasi.

JELAGAT: Irarue.

MILCAH: Ni nailoni nzuri —

JELAGAT: Mama, irarue.

(nailoni inararuka)

MILCAH: Imetoka. Nimeiweka kwa dirisha. Nafungua... nimefungua.

JELAGAT: Tisa. Kumi na nne.

MILCAH: Hiyo ni mbaya?

JELAGAT: Bado. Thelathini... imerudi ishirini. Upepo umegeuka. Maina ananicheka hapa, anasema mama ni mama, usafi wako haushindwi.

MILCAH: Mwambie asicheke bado. Hapa kuna wingu linakuja na rangi ya jivu. Abby, ingia chumbani ufunge mlango.

JELAGAT: Arobaini na mbili. Hamsini na — mia. Mia na kumi.

MILCAH: Inalia, daktari. Kumbe inajua kulia.

JELAGAT: Maina, ona. Kuja uone. Hii ndiyo namba ulitaka. Zima... (sauti nyingi, laini inakwaruza)...haloo? Mama?

MILCAH: Tinga limenyamaza.

JELAGAT: Limezimwa. Lori la maji linatoka hapa sasa hivi. Funga dirisha.

MILCAH: Umeandika?

JELAGAT: Inajiandika yenyewe.

MILCAH: Andika na mkono pia. Nyumba ya Milcah iko na vumbi. Andika na Maina akiona.

JELAGAT: Nitaandika. Mama, Abby aletwe kliniki leo leo, aanze dawa. Na hapo asilale tena mpaka shimo lifunikwe. Unataka nimpigie baba yake nimuelezee? Mimi nitajua vile nitasema.

MILCAH: Hapana. Ni mimi nilimuonyesha ziro. Nitampigia mimi, nimwambie akuje amchukue.

JELAGAT: Pole, mama.

MILCAH: Kata simu.

JELAGAT: Si lazima iwe dakika hii, unaweza kaa chini kwanza —

MILCAH: Kata, daktari. Nikikaa hapa dakika moja zaidi nitaanza kupangusa.