Picha ya Masika

Macho hayana pazia. Masikio ya Mwanatumu hayakuwa hata na mlango. Feri ya Kilifi ilikuwa katikati ya maji, naye akajitia kutengeneza buibui lake huku akiwasikiliza wawili waliokaa kando yake: Jaafar, mpiga picha wa Malindi, na Mama Kanze, mkulima wa Kigiriama.

"Hii niliipiga kiangazi, mama, na hii masika, pale pale msituni kwenu. Tazama msitu ulivyonawiri!"

Kanze hakutazama majani. Alitia kidole kwenye vigango, nguzo za kuchonga wanazosimamishiwa wazee waliokufa. "Kiangazi vitatu. Masika viwili. Cha baba yangu ki wapi? Kigango hakihamishwi, mwanangu, ila na mwizi."

"Nyasi zimekifunika, mama. Mvua ya mwaka huu, waijua."

Mwanatumu akaguna. Nyasi hizo nazo zina kuchagua!

"Cha baba ndicho kirefu kuliko vyote," Kanze akasema taratibu. "Nyasi zimekimezaje, zikaviacha vifupi?"

Jaafar akacheka peke yake, akanyoosha mkono apewe picha zake. Feri ikagota ng'ambo. Kanze akamrudishia ya masika. Ya kiangazi, yenye vigango vitatu, akaifunga kwenye pindo la leso.