Picha ya Kiwiko cha Mama Agathe

Ndugu waombolezaji, haya ndiyo maisha ya Mama Agathe Nkeshimana, wanawe tunaomba myasikie hadi mwisho, hasa ninyi mliowahi viti vya mbele.

Mama Agathe alizaliwa Lubarika tarehe 14 Machi 1968, akasoma hapo hapo hadi darasa la sita, akalima mpunga Nyakabere, na tarehe 6 Agosti 1988 akafunga ndoa kanisani na Norbert, wakahamia Songo, alikouza mchele, wakajaliwa watoto wawili, Noella na Bienvenu anayewasomea haya. Mumewe alifariki mwaka 2015.

Mei 2021 kiwiko chake cha kulia kilivimba, uvimbe mgumu kama yai la bata, mkono ukagoma kunyooka, ikabidi asalimie watu kwa kushoto, ndipo baba mdogo Toussaint, mdogo wake Norbert, bingwa wa kila ujinga, akatangaza kwenye kikao cha ukoo kwamba ni karuho, sumu ya kuulia watu, ameificha chini ya ngozi. Mganga wao akamchanja kwa wembe, yakatoka maji mazito meupe, Toussaint akapiga kelele, "Munaona? Karuho iko inatoka!", na wazee wazima, wenye vyeo kanisani, wakatimua mbio kama kuku. Tangu hapo hawakugusa chakula chake, na Noella akakatazwa na wakwe kumletea wajukuu.

Tarehe 19 Januari 2023 Gratien, fundi wa picha za radio, zile za kuonyesha mifupa, alimpiga picha ya kiwiko hospitalini, akaiinua dirishani, akamwonyesha mabonge meupe yaliyozunguka kiungo huku mfupa wenyewe ukiwa mzima, na daktari akaeleza kwamba ni kalsiamu, ile ile ya mifupa na meno, imejikusanya pasipofaa kwa sababu figo zake zinakufa. Mama alicheka hadi machozi, mtu anaambiwa figo zinakufa naye anafurahi, kwa kuwa si mchawi. Alimpelekea Toussaint picha ile, naye akakataa hata kuigusa.

Figo zilimshinda tarehe 11 Juni 2024.

Tunamshukuru Gratien, daktari, wauza mchele wenzake, na jirani Eliane aliyekula naye sahani moja hadi mwisho. Wengine hatuna la kuwashukuru. Picha iko juu ya jeneza, ndivyo alivyoagiza, itapita mkono kwa mkono, baba mdogo Toussaint ataanza, aiinue kwenye jua, atuonyeshe karuho iko wapi.

Pumzika kwa amani, Mama, hatufukii kaburi kabla hajaishika.