Bahasha za Ferista Juu ya Meko

Ndugu waombolezaji, anayesoma ni Fanueli, mdogo wake marehemu. Alinikataza kumsifia kupita kiasi, kwa hiyo nikiteleza mnivumilie.

Ferista Osea Kibona alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 hapa Ibaba, mtoto wa kwanza wa Mzee Osea, aliyemtangulia, na Mama Ketrina. Akitumwa kuni, alileta zenye magamba ya kijivu na ya njano, kisha akazuia zisichomwe. "Kuni gani hizi za kutazamwa?" Mama aliuliza. Siku hiyo tulikula ugali mbichi.

Alimaliza shule ya msingi hapahapa mwaka 1986, sekondari Mbeya mwaka 1990, na mwaka 1994 akapata cheti cha ufundi wa maabara, Dar es Salaam. Huko ndiko alikojua kwamba magamba yale yana jina, laikeni, viumbe vinavyoota kwenye magome na mawe, na kwamba kuna watu wanalipwa kuyatazama. Alifurahi, jamani!

Mwaka 1995 aliajiriwa kwenye maabara ya utafiti, akawa anakusanya laikeni za pwani kwenye mikoko ya Kilwa. Vitabu vilisema ile ya kijivu ni aina moja. Ferista akashikilia kwamba ni mbili. Mkuu wake akamjibu, "Dada, ni ileile, jua tu limeibadili rangi." Kipimo cha vinasaba pekee ndicho kingeamua.

Mwaka 1999 alifunga ndoa na Ndugu Ayoub Simkoko, mwalimu wa Igamba, wakajaliwa Tulinagwe na Scola.

Julai 2009 alikuja likizo na bahasha arobaini na moja za laikeni, maana unyevu wa Dar ulikuwa unaziotesha ukungu. Akamwambia Mama, "Naomba zikauke vizuri," akaenda Igamba kwa wakwe zake. Loo! Mama, kwa mapenzi yote, akazipandisha juu ya meko, tunapotundika mahindi ya mbegu yasibunguliwe. Zikakaa kwenye moshi wiki mbili. Maabara haikupata kitu. Joto na moshi vilikuwa vimeharibu vinasaba vyote. Mama alilia, "Nimeichoma kazi ya mwanangu." Ferista akamkumbatia, akacheka: "Angalau hazikubunguliwa, mama." Akarudi kwenye matope ya Kilwa, akaanza upya. Mama hakujisamehe.

Mwaka 2012 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Dar es Salaam, baadaye Mbeya. Februari mwaka huu, Ferista akiwa kitandani hospitalini, mkuu wake alimpigia simu: "Dada, ulisema kweli. Vinasaba vinaonyesha aina mbili." Ferista akampa Mama simu asikie mwenyewe.

"Ni mbili?" Mama akauliza.

"Ni mbili, mama," mkuu akamjibu.

Mama alipiga vigelegele hadi muuguzi akaja mbio.

Ferista alifariki Ijumaa, tarehe 9 Mei 2014, saa nne asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono. Inauma, sitawaficha. Ameacha mama, mume, watoto wawili na mimi, mdogo wake niliyezoea kubishana naye.

Aliacha ombi moja. Mnajua ukoo wetu husugua makaburi kila Pasaka mpaka mawe yang'ae. Alisema, "Langu msilisugue. Kitakachoota, kiacheni." Wazee walinung'unika kidogo. Jana Mama aliichukua ile brashi ya makaburi, akaitia mekoni kwa mkono wake mwenyewe.

Pumzika kwa amani, dada. Mawe yako hakuna atakayeyagusa.