Trekta Jembamba na Ntumba Zangu

Mwenyekiti, shikamoo. Wazee wangu wote, shikamooni. Ninyi wa rika langu nawasalimu kwa baridi hii, na vijana mliokaa kule nyuma juu ya magunia, "mambo" na "poa" zenu nazisikia, naomba mzipumzishe kidogo.

Mwenyekiti amenipa nafasi niseme kabla hamjapiga kura. Najua mmekuja kuchagua trekta dogo la chama chetu. Najua pia mmeshagawanyika, wa jekundu mmekaa huku, wa bluu mmekaa kule, kama koo mbili zilizoshindwana mahari. Mimi sitasema jekundu wala bluu. Makampuni siyataji, maana hakuna kampuni iliyonikosea. Nitasema yaliyonipata. Wengi wenu mlikuwepo, ila hamjawahi kuyasikia kwa kinywa changu.

Mnakumbuka tulivyokuwa soko lilipofunguliwa. Yule tuliyekuwa tunamwita mlanguzi ghafla akawa mfanyabiashara, na lori lake likaja kuchukua mahindi mpaka mlangoni. Tulifurahi, tusidanganyane. Lakini mbolea ya bei nafuu ikapotea, na majosho ya ng'ombe yakakauka kwa kukosa dawa. Ng'ombe wetu wa kulimia wakaisha kwa ndigana, ugonjwa wa kupe. Yule wa mwisho alikuwa ananifuata mimi kama mtoto, na alipokufa plau ikabaki imeegemea ukuta wa zizi, kuku wakawa wanalala juu yake.

Ndugu zangu mliohamia kutoka kaskazini na mifugo yenu, ninyi mlipotukuta na ntumba zetu mlitucheka. Mkaulizana ni watu gani hawa, wanalima makaburi. Sasa wenyewe mnazipiga. Mvua zikikaribia kuisha tunakata majani na udongo wake, tunayafukia kwenye tuta la duara, juu yake tunapanda maharage. Mwaka unaofuata tunalitawanya, tunapanda mahindi au ulezi. Mbolea ya dukani ilipotushinda, ntumba ndiyo iliyotulisha. Na mimi, bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu kidogo, ntumba zangu zilikuwa zinasimamisha watu njiani.

Basi mume wangu na kaka yake, huyu shemeji yangu mnayemwona amekaa pale anajifanya anafunga kamba ya kiatu, wakakubaliana kununua trekta dogo kwa pamoja. Pale mjini Sumbawanga palikuwa na mfanyabiashara mmoja, wa ukoo wenye maduka na malori, aliyekuwa ameleta mawili kutoka nje, yametumika huko yakachokwa. Tukaenda wote watatu kuchagua.

Yule bwana ni mstaarabu. Alitupa viti na chai kabla ya biashara. Trekta jekundu lilikuwa jembamba, la bluu lilikuwa pana. Vitufe vya yote mawili vilikuwa na maandishi kama nyayo za kuku, na yeye mwenyewe alikiri kwamba hayajui. Akayawasha, akayazungusha moja baada ya jingine kwenye ua wake wa saruji. Yote yakazunguka vizuri. Nawaambia, ndugu zangu, kwenye saruji hata mimi nazunguka vizuri.

Shemeji akapanda lile la bluu, akakaa, akakataa kushuka. Akasema hili ndilo, tusipoteze muda. Mume wangu alikuwa amekuja na mpini wa jembe. Alitoka nao nyumbani, akapanda nao gari, mimi nikiona aibu, nikidhani anaupeleka kuuza. Kumbe alikuwa ameukata alama kwa kisu, alama ya nafasi inayobaki katikati ya ntumba na ntumba shambani kwetu. Akainama, akapima magurudumu ya la bluu, akatikisa kichwa. Akapima ya jekundu, akasimama akiwa anacheka.

Akamwambia kaka yake, "Hilo lako litamkanyagia mama watoto ntumba zake. Hili litapita."

Mwenye duka alicheka, akasema ameuza vitu vingi maishani ila hajawahi kuona trekta linanunuliwa kwa mpini. Shemeji akashuka, akakubali shingo upande. Mimi nilitazama chini. Niliolewa na mtu asiyejua maneno matamu, na siku ile alinisemea hadharani, mbele ya mtu wa mjini. Nilirudi nyumbani nikiwa bibi harusi upya, na nilikuwa nimeshazaa watoto wanne.

Trekta lile lilitufaa. Lilikuwa linapita katikati ya ntumba kama mtu anayepita kanisani wenzake wamepiga magoti, bila kugusa mtu. Kwenye shamba la chini, lile la tambarare, halikuwa na ubaya wowote.

Shamba letu la juu mnalijua, lipo kwenye mteremko. Mwaka ule nililijaza lote. Sikuacha hata pa kuweka kikapu. Ndivyo tulivyofundishwa, ukiacha ardhi wazi majirani watasema wewe mvivu. Maharage yalikuwa yanachanua. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na mchana mume wangu alikuwa anashuka na trekta kutoka kule juu. Mimi nilikuwa chini napalilia. Njia iliyonyooka ilikuwa kushuka moja kwa moja, ila ingebidi akanyage ntumba chache zilizokuwa mbele yake. Nikamwona anakata kona kuzikwepa. Gurudumu moja likapanda tuta la upande wa juu. Trekta lile jembamba likasimama kwa mguu mmoja, hivi, kama linafikiri. Halafu likalala upande wa chini, juu ya mume wangu.

Watu walilinyanyua. Mlilinyanyua ninyi, na sijawahi kuwashukuru, ahsanteni. Lakini alikuwa ameshakwenda. Mimi nilikuwa nimekaa pale chini, na nitawaambia nilichokuwa natazama. Nilikuwa natazama zile ntumba alizozikwepa. Zilikuwa nzima. Hakuna hata ua moja la harage lililoanguka.

Naomba maji kidogo.

Ahsante, mwanangu.

Matanga yakapita. Mnajua maneno ya matangani, yanaanza kwa pole yanaishia jikoni. Nikasikia wanasema ntumba za mwanamke zimemla mwanamume. Nikasikia pia wanamsifu shemeji, kwamba yeye aliona mbali, alikataa lile jembamba tangu dukani, angesikilizwa ndugu yake angekuwa hai. Aliyesema hayo simtaji, na kama yupo hapa akae kwa amani, maana alisema nilichokuwa nimeshajiambia. Mimi nilikuwa namsubiri shemeji mwenyewe aniambie, "Nilisema." Nilikuwa nimejiandaa kwa neno hilo. Hakulisema. Alikuja, akakaa, akaondoka kimya, na kimya chake nikakihesabu kuwa hukumu. Basi nikaanza kumkimbia. Nikimwona njiani nakata kichakani.

Maharage yale yalikomaa. Watoto waliyala, na mimi nilikuwa nawapakulia huku nimegeuza uso. Mpaka leo sijala maharage ya shamba la juu. Nikasema sipigi ntumba tena. Trekta likabaki palepale lilipoanguka, limesimamishwa tu, na nikakataza mtu kuligusa. Majani yakapanda mpaka usukani.

Asiyelima hali. Watoto nikawapeleka kwa mama yangu kule Msanzi, mimi nikashuka bondeni, Mtowisa, kufanya kibarua kwenye mpunga wa watu. Mtu wa baridi kama mimi, na joto lile. Nililala kwenye kibanda cha mabua, nikaugua malaria mpaka nikawa naongea na mume wangu kama yupo, namwambia akanyage, akanyage tu, nitapiga nyingine. Wenye mpunga walinitunza, Mungu awabariki. Lakini niliona kwamba nitafia pale, mbali na watoto, kwa kuwa tu naogopa kupita mbele ya shamba langu mwenyewe. Nilipopata nguvu nikapanda mlima kurudi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo jambo lenyewe lilipogeukia. Kwetu huwezi kuita watu wakulimie na huna kitu. Unapika pombe ya ulezi, unatangaza, wanakuja, wanalima, wanakunywa. Mimi sikuwa na ulezi hata wa kumpa kuku. Kwa hiyo nilijua sitaita mtu, wala hakuna atakayekuja. Nikakaribia nyumbani, nikasikia majembe. Nikadhani shamba limeshachukuliwa, na nawaambia kweli, nilihisi nafuu. Nikasema angalau sasa halinihusu.

Mlikuwa ninyi. Mlikuwa mmesimama kwenye shamba la juu, wanaume kwa wanawake, mnapiga ntumba. Na pembeni kulikuwa na vyungu vya pombe ambavyo sikuvipika mimi. Tangu nizaliwe sijaona wakulima wanakuja na pombe yao kwenye shamba la mtu. Mama mmoja, ambaye ninyi wote mnamjua kwa ukali wake, akanijazia kibuyu cha kwanza akanipa mkononi, akasema leo mgeni ni mimi. Nikakaa kwenye majani kama mgeni, nikanywa, machozi yanaingia mumo humo kwenye pombe.

Shemeji alikuwa amekaa karibu na trekta. Sikuwa na kichaka cha kukimbilia. Akaniuliza kwa nini namkimbia. Basi nikamtolea yote. Nikamwambia yeye aliona, yeye alisema la bluu, na mume wangu alikataa kwa ajili ya ntumba zangu, kwa hiyo kama anataka kunilaumu anilaumu leo, watu wote wapo.

Akasema, "Shemeji, mimi nilipenda kiti."

Nikamwuliza kiti gani.

"Kile kiti cha la bluu. Kilikuwa na springi. Mgongo ulikuwa unaniuma tangu tulipotoka nyumbani, nikakaa, nikasikia raha, nikasema hili ndilo. Mteremko sikuuona. Hakuna aliyeuona. Watu wananipa busara ambayo sikuwa nayo, na mimi nimekosa ujasiri wa kuikataa. Ndiyo maana nilikuwa nakuja kwako nikashindwa kusema."

Ndugu zangu, nilicheka. Nilicheka mpaka wanaolima wakasimama wakadhani nimechanganyikiwa. Halafu nikalia kilio ambacho sikukilia msibani. Muda wote ule nilikuwa nimejenga moyoni mwangu kwamba kulikuwa na mtu aliyejua, na kwa hiyo mume wangu alikufa kwa ajili yangu. Kumbe tulikuwa watu watatu tu kwenye ua wa saruji, hatujui kitu. Mmoja alipenda kiti, mmoja alimpenda mke wake, na mimi nilikuwa natazama chini kwa aibu ya kupendwa.

Shemeji akaomba ruhusa alitoe trekta. Nikamruhusu. Walilivuta kwa ng'ombe wa hawa ndugu zetu wa kaskazini, na hiyo ni mara yangu ya kwanza kuona ng'ombe wanaliburuta trekta. Leo linafanya kazi kwenye shamba la chini tu, na shemeji amefunga mto juu ya kiti chake. Msimcheke, mgongo ni mgongo. Watoto wamerudi nyumbani.

Nawashukuru. Nawashukuru mliobeba mwili wa mume wangu, mliobeba majembe, mliobeba vyungu. Namshukuru mama yangu aliyewalea wanangu bila kuniuliza narudi lini. Namshukuru shemeji, kwa sababu mwanamume kusema mbele ya watu kwamba alipenda kiti si jambo dogo. Uchungu haujaisha, nisiwadanganye. Upepo wa mwezi wa sita ukivuma namsikia anakohoa mlangoni. Ila sasa nalia nikiwa kwangu, na jembe mkononi.

Sasa kuhusu kura yenu. Mwulizeni muuzaji kuhusu springi na upana na vipuri, kuuliza si ujinga. Lakini msikubali kuonyeshwa kwenye saruji. Mwambieni alilete hapa, alipandishe mteremkoni, baada ya mvua, na alishushe yeye mwenyewe. Halafu chagueni mnalolitaka.

Na kabla ya hapo, kila mmoja akirudi nyumbani leo aende kwenye shamba lake, asimame juu, atazame chini, ajiulize trekta litapita wapi. Mimi siku hizi, kila ninapopiga ntumba, naacha njia moja kwa moja kutoka juu mpaka chini, pana, tupu. Wapita njia wanasema mama fulani amekuwa mvivu siku hizi, anaacha ardhi nzuri bure. Nawaacha waseme. Ile ni njia ya mume wangu. Nimemwachia kwa kuchelewa, ila ipo.